Vizibo Viwili vya Nyuma

Siku Baba Kulwa alipoleta gari lake kuukuu gereji kwetu Kalangalala, likidondosha maji, naikumbuka kama jana, mwanangu. Nilikuwa fundi kijana, nasifiwa kwa wepesi wa mikono, na sifa humlevya mtu kuliko pombe.

Maji yalikuwa yakivuja kwenye vizibo vya bati vinavyofunga njia za maji za injini. Kutu ilikuwa imevila. Mzee Masanja, aliyenifundisha kazi, alivigonga kwa bisibisi, akasema, "Hivi huoza pamoja. Badilisha vyote, hata viwili vya nyuma."

Vya nyuma huvifikii mpaka ushushe gia boksi, nami nilikuwa nimechoka. Nikabadilisha vya ubavuni tu, nikajaza maji, nikawasha. Halikudondosha hata tone.

"Umemaliza vyote, fundi?" Baba Kulwa akauliza. "Mke wangu ni mjamzito, na kwetu Mwakitolyo, mbali na hospitali, tunategemea gari hili."

"Vyote, Baba Kulwa."

"Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma, akiushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Wiki ya tatu mkewe akashikwa na uchungu. Njiani kwenda hospitali kizibo cha nyuma kikachomoka, maji yakamwagika, injini ikakwama. Walikaa juani hadi lori la mawe lilipopita. Mama alipona. Mtoto alizaliwa ameshafariki.

Msibani Baba Kulwa alinikalisha karibu naye. "Usijilaumu, fundi. Wewe ulibadilisha vyote." Nikainama.

Gari lilipovutwa hadi gereji, Mzee Masanja alishusha gia boksi, akakuta kizibo cha pili cha nyuma bado ni kile cha zamani. Hakupiga kelele. "Nenda kamwambie," akasema tu.

Nilikwenda, nikasema yote. Baba Kulwa akainuka, akaingia ndani. Mkewe ndiye aliyebaki nami, kanga imefungwa kifuani.

"Ungesema siku ile," akaniambia taratibu, "ningekwenda kukaa kwa dada yangu mjini, karibu na hospitali."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini mwanangu, kuna kuta hazijengeki tena.

Kuchoka si dhambi. Kazi ikikushinda, au ukiiacha nusu, mwambie mwenye mali, hata ukiaibika, ili ajue la kufanya. Aibu ya siku moja inabebeka.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na ulimi wako aubariki zaidi.