Mtamba wa Watu wa Devon

Isaiah arap Mosonik alikuwa na kasoro moja ambayo mkewe Rodah hakuchoka kuitaja: hakujua kusema uongo, hata ule mdogo unaosaidia. Ukimpa chai yenye sukari kidogo, alikuambia. Mhubiri akirefusha mahubiri, Isaiah alimpa mkono mlangoni mwa kanisa na kumshukuru kwa usingizi mzuri. Watu wa upande wa Kapsoit walimcheka, wakamzoea, na kwa sababu hiyo hiyo wakamwekea ng'ombe wao.

Kuwekeana ng'ombe ni jambo la tangu zamani kwa Wakipsigis, nao huliita kimanagan. Mwenye ng'ombe hawalundiki wote katika boma moja, ugonjwa ukaja ukawazoa kwa mkupuo. Mmoja humpeleka kwa rafiki kule Chebunyo, mwingine kwa rafiki wa Mulot. Rafiki humlisha na kumkamua, watoto wake wakanywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake hubaki kuwa wa mwenyewe. Haandikishwi mtu popote. Neno tu ndilo linalomshika mtunzaji, na akithubutu kutamka mbele ya watu kwamba ng'ombe yule ni wake, basi jina lake limekwisha, na hata binti zake watachelewa kupata wachumba.

Isaiah alikuwa na shamba dogo la majani chai, ng'ombe wake mmoja, na hao wa wenzake. Katika hao wa wenzake alikuwepo wa Okoth, mtu wa boila, lile tanuri la mvuke katika kiwanda cha chai. Okoth alitoka upande wa ziwa akiwa kijana na alikaa kambini, katika nyumba za kampuni, ambako ng'ombe hawaruhusiwi. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kumwona ng'ombe wake. Alisimama kando ya ua, akamweleza yule mnyama habari zote za nyumbani kwao kwa Kijaluo, halafu akaingia kunywa chai. Isaiah alizoea kusema kwamba katika boma lake ni ng'ombe mmoja tu aliyesoma lugha mbili.

Halafu ukaja mwaka wa fujo za ukabila, tisini na mbili. Watu waliouziana viazi mwezi uliotangulia wakaanza kuogopana. Okoth aliipandisha familia yake lori, wakaenda kwao mpaka mambo yatulie. Siku moja mchana, kundi la vijana likaingia bomani kwa Isaiah. Wengine alikuwa hawajui, lakini mmoja alikuwa Kiptum, aliyekuwa akitengeneza baiskeli pale sokoni.

"Mzee, ng'ombe hii ni ya nani?" wakamwuliza, wakimwonyesha yule mwekundu.

Uongo wa neno moja ungetosha. Isaiah aliufikisha mpaka kwenye ncha ya ulimi, ukakataa kutoka.

"Ya Okoth," alisema.

Akasimama kwenye lango kuwazuia. Walimpiga rungu la bega, wakapita na ng'ombe.

"Ungesema ni yako!" Rodah alilia huku akimkanda bega kwa maji moto. "Baba Johana, ungesema tu ni yako!"

Hilo ndilo Isaiah alilokuwa akijiuliza mwenyewe. Bega lilipona, swali halikupona. Ikiwa angesema uongo, ng'ombe angebaki. Ikiwa alisema kweli, kweli hiyo ilimfaa nani? Aliwarudishia wenzake ng'ombe wao mmoja mmoja, akisema amezeeka, ingawa wakati huo bado alikuwa akipanda mlima na gunia la majani chai mgongoni. Okoth aliporudi kiwandani baada ya miezi kadhaa, Isaiah hakwenda kumwona. Atamwambia nini? Alianza kusali ibada ya pili badala ya ya kwanza aliyosali Okoth, na akimwona Okoth barabarani, alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande mwingine. Ndivyo miaka minne ilivyopita.

Mwaka wa tisini na sita kulikuwa na klabu katika shule ya sekondari ya pale juu, wanafunzi wakaiita Klabu ya Dunia Moja. Jina lilikuwa kubwa kuliko klabu yenyewe. Walipanda miche, wakaiuza, wakanunua ng'ombe wa shule. Samadi yake ilirudi kwenye bustani ya mboga, mboga zikaenda jikoni, na ng'ombe naye akazaa mtamba. Mlezi wao, mwalimu Orina, aliwaunganisha na shule moja huko Devon, Uingereza, katika sehemu ya wafugaji, wakawa wakipelekeana habari za mvua na mitihani.

Mwaka huo habari za kule zikawa mbaya. Ugonjwa wa ng'ombe wazimu ulikuwa umeingia, na serikali ilikuwa ikiwaua ng'ombe kwa maelfu. Msichana mmoja wa shule ile alieleza jinsi baba yake alivyokaa jikoni siku nzima bila kuvua buti, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kukamua.

Habari hiyo ilisomwa mbele ya klabu nzima. Hapo si mahali ambapo mtu anahitaji kuelezwa maana ya boma tupu.

"Tuwatumie kadi ya pole," alisema mwalimu Orina.

"Kadi, mwalimu?" aliuliza Chepkemboi, mwenyekiti wa klabu, msichana wa kidato cha tatu ambaye hata kimya chake kilikuwa na kelele. "Mtu amefiwa na ng'ombe unampelekea kadi? Huyo anapelekewa mtamba."

"Atapanda ndege?" aliuliza mwalimu.

Watu walicheka. Ndipo aliposimama Dorcus, binti wa Okoth, ambaye hakuwa msemaji sana.

"Si lazima aende," alisema. "Tunawapea huyu mtamba wetu, halafu tunamweka kwa mtu hapa. Awe wao, lakini akae kwetu. Baba yangu aliwahi kuweka yake hivyo."

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata wasichana hao wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi la Rodah, vikombe vya chai mkononi, na Isaiah mbele yao. Chepkemboi alieleza yote kwa pumzi moja: Devon, wazimu, buti, mtamba. Isaiah alisikiliza, akapenda alichosikia. Kwa miaka yote ya maisha yake alikuwa ameona wazungu wakija kutoa, nguo, vitabu, dawa. Leo watoto wa hapa walikuwa wakienda kuwapa pole wazungu, tena kwa njia ya wazee. Alitamani kucheka kwa furaha.

"Ni jambo nzuri sana," alisema. "Lakini mtafuteni mtu mwingine. Mimi siyo mtu wa kuwekewa ng'ombe."

"Lakini mzee, tumeambiwa ni wewe tu."

"Nani amewaambia?"

Chepkemboi, kwa mara ya kwanza siku ile, alimwachia mwingine zamu ya kusema. Akamtazama mwenzake.

"Ni baba," alisema Dorcus. "Nilimwuliza ng'ombe ya wageni tuiweke kwa nani. Akasema, nendeni kwa Isaiah. Ng'ombe ya baba ilichukuliwa wewe mzee ukiwa umesimama kwa mlango."

Rodah aliacha kumimina chai. Okoth alijua. Miaka yote hiyo alikuwa akijua, na Isaiah ndiye aliyekuwa akijipiga rungu mwenyewe kila alipomkimbia rafiki yake.

"Nipeni mpaka kesho," alisema.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Isaiah alisali ibada ya kwanza. Okoth hakuwepo, zamu ya usiku ya boila haijui siku ya Bwana, kwa hiyo Isaiah alishika njia ya kambini na kibuyu cha mursik mkononi. Rodah alikuwa ameyagandisha maziwa hayo kwa ajili ya wageni wa ubatizo, lakini alimpa bila neno, na kwa Rodah hilo lilikuwa jambo kubwa.

Alimkuta Okoth nje ya nyumba akijinyoa mbele ya kioo kidogo kilichoning'inizwa kwenye msumari, povu shavu zima.

"Okoth."

Okoth hakugeuka. Alimwona katika kioo.

"Kumbe unajua njia ya huku," alisema. "Nilifikiri imeota majani."

"Nimekuja juu ya ng'ombe."

"Gani? Ya wazungu ama yangu?"

"Yako." Isaiah alikuwa amepanga maneno mengi njiani, na yote yalikuwa yamemkimbia. "Waliniuliza ni ya nani. Nikasema ni yako. Ningesema ni yangu, wangeiacha. Nimekaa na hiyo kitu mpaka leo."

Okoth alifuta uso kwa taulo, nusu amenyoa, nusu bado. Alionekana kama mtu mwenye hasira, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Isaiah akagundua kwamba alikuwa akicheka.

"Omera, ndugu yangu, mimi ningesema ni yangu! Ningesema mara saba! Ningesema hata mama yake na nyanya yake ni yangu!" Akajifuta macho. "Lakini mimi siwezi kuwekewa ng'ombe na mtu yeyote. Ndiyo maana nilikuja kwako."

"Ilikuwa ng'ombe mzuri."

"Ilikuwa. Lakini ng'ombe waliniibia wale. Wewe uliniibia rafiki, miaka minne. Hiyo ndiyo iliniuma." Alikuwa hacheki tena. "Nilikuwa nakuona ukivuka barabara. Nikasema, basi hata Isaiah ananiogopa."

Isaiah alimpa kibuyu kwa mikono miwili, na Okoth akakipokea kwa mikono miwili. Walikunywa wakipokezana kikombe kimoja, na Okoth akamalizia kunyoa baadaye sana.

Mtamba aliletwa kwa Isaiah wiki ile ile, nusu ya shule ikimsindikiza. Chepkemboi alitangaza kwamba anaitwa Devoni. Rodah, ambaye ulimi wake haukuwa na haraka na herufi za kigeni, alimwita Tepon, na ng'ombe aliitikia jina hilo kwa sababu ndilo lililokuja na majani ya nepia. Mwalimu Orina alimpiga picha kwa ajili ya wenyewe. Isaiah alikataa kusimama katikati ya picha. Alisimama pembeni, ameshika kamba, kofia mkononi, ili watu wa Devon wasije wakadhani anajifanya mwenye mali.

Miezi ikapita vizuri. Wanafunzi walikuja Jumamosi kukata nepia na kubeba samadi, na katika kazi hiyo kulikuwa na mabishano mengi kuhusu dunia: nani ana deni kwa nani, kwa nini chai ya hapa hunywewa kule, na kama misitu ya Mau ikiisha mvua ya nani itakosekana. Isaiah hakuingilia. Alipenda tu kelele zao. Okoth naye alirudi kusimama kando ya ua kila Jumapili asiyokuwa na zamu, akimpa Devoni habari za ziwani, na ng'ombe wa Kiingereza akaanza kusoma Kijaluo.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, mvua zikiwa zimezidi mpaka barabara kugeuka uji, Devoni alizaa. Ndama jike, mwekundu. Isaiah alipanda shuleni siku hiyo hiyo kupeleka habari kwa wenye mali, kama inavyotakiwa, na mwalimu akazituma. Majibu yalikuja ndama akiwa ameanza kula majani. Watu wa Devon walishukuru sana. Baba wa yule msichana alikuwa ameanza kufuga tena, ng'ombe wachache. Wasingependa ndama abaki kwa jina lao. Waliomba apewe mtu wa huko huko aliyewahi kupoteza wake, kama wao walivyopoteza. Nani, waliwaachia mtunzaji aamue.

Klabu nzima ilimgeukia Isaiah. Hakuhitaji mpaka kesho.

Alingoja ndama aachishwe. Halafu, Jumapili moja yenye jua, alimfunga kamba mpya na kumtembeza mwenyewe, katikati ya barabara, mbele ya maduka, mpaka kambini. Okoth alitoka nje akiwa na shati la kanisani. Isaiah alimwekea kamba mkononi, akasema maneno machache, mengine kwa Kipsigis kwa sababu Kiswahili kilimwishia. Okoth alishika kamba ile kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Dorcus alisimama mlangoni, analia na kucheka, hajui aanze na kipi.

"Sasa," Okoth alisema hatimaye, akiangalia huku na huku katika uwanja wa kambi, nyumba za kampuni pande zote. "Unajua hapa ng'ombe hawakubaliwi."

"Najua."

"Basi." Akamrudishia kamba. "Nimekuwekea."

Isaiah aliipokea. Alikuwa amekuja akidhani anamaliza jambo, na sasa alitaka kukaa chini pale pale kwenye nyasi kwa jinsi moyo ulivyomjaa.

Alirudi kwa njia ile ile. Pale sokoni, Kiptum alikuwa ameinama juu ya gurudumu, mikono myeusi kwa grisi, baiskeli zimelazwa njia nzima. Alisikia kwato, akauliza bila kuinua kichwa, kama mtu yeyote wa huko anavyouliza ng'ombe akipita:

"Ng'ombe hii ni ya nani, mzee?"

Isaiah alisimama. Watu waliokuwa kwenye kibaraza cha duka waligeuka, na Kiptum mwenyewe, aliposikia swali lake likining'inia hewani, akainua macho.

"Ya Okoth," alisema Isaiah.

Kiptum alimtazama, akamtazama ndama, kisha akainuka taratibu na kuanza kuondoa baiskeli njiani, moja baada ya nyingine, mpaka ng'ombe wa Okoth akapata nafasi ya kupita.