Makubadhi ya Mama Mlangoni Sur

Mimi nimechoka kupatanisha watu. Nasema mapema, msije mkaniuliza mbona nahadithia kama mtu aliyejitupa chini bila hata kuvua buibui.

Mdogo wangu wa kiume anakaa Sur, mji wa pwani, mtaa wa Aija, na mkewe ni Mjapani. Bibi huyu alikuja Ras al Hadd kutazama kasa, akamwona mdogo wangu, kasa wakasahauliwa. Mama anakaa kwangu, Ibra, mbali na bahari. Kwa hiyo yeyote akinuna, mwenye kuwasha gari ni mimi.

Wifi yangu ana adabu mpaka zinachosha. Kitu akikupa, anakupa kwa mikono miwili, huku anasema ni kidogo tu, hakina maana. Mama akamuuliza, "Kama hakina maana, umeniletea cha nini?" Masikini ya Mungu, akainama mpaka nikadhani ataanguka. Hayo yote Mama aliyavumilia. La viatu likamshinda.

Ilikuwa mara ya kwanza Mama kwenda kukaa kwao Sur. Tukavua viatu mlangoni, tukala halwa, tukanywa kahawa. Mama akatoka kidogo kwenda kutazama bahari, akakuta makubadhi yake yamegeuzwa, yamepangwa sawasawa, ncha zinatazama nje. Loo! Bibi yetu Unguja alikuwa akimchoka mgeni hamwambii neno, anamgeuzia viatu tu, na mgeni akiviona anajua. Mama akarudi ndani, akachukua mkoba wake. "Twende zetu. Nimefukuzwa kwa mwanangu."

Njia nzima mpaka Ibra ilikuwa hiyo hiyo. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie hata hizo mbili sikupewa!"

Nikampigia simu mdogo wangu. "Ah, ndiyo desturi yao," akasema. "Wanamgeuzia mgeni viatu ili akitoka avae tu, asipate tabu. Ni heshima hiyo." Nikamweleza Mama.

"Heshima ya kunionyesha mlango?"

Khalas. Hakutia mguu Sur tena, na simu za mkwewe akawa hapokei.

Kisha wifi yangu akapata mimba. Kwao mwanamke hurudi kwa mama yake kuzaa, lakini wake alishafariki. Mwezi wake ulipokaribia akanipigia simu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wifi, Mama atakuja? Mimi mtoto sijui." Wallahi nilitaka kulia. Nikamfikishia Mama. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. "Ana mume," akasema. Mume! Huyo mdogo wangu hata maziwa yakichemka humwagikia jikoni.

"Mama, atakandwa na nani? Mjukuu wako ataoshwa na nani?"

Akapeta mchele wake. Nikaona basi, nimeshasema mpaka mate yamenikauka.

Ijumaa moja nikawaita chakula cha mchana Ibra. Mama akamwitikia mkwewe salamu kwa ncha ya ulimi, akaenda kukaa dirishani. Tulipokwisha kula, wifi yangu akatoka polepole mpaka kizingitini, akapiga magoti na tumbo lake lile. Akageuza viatu vya mume wangu. Akageuza vya wanangu, akageuza vya jirani aliyeleta tende. Akageuza na vya mumewe. Alipofika kwenye makubadhi ya Mama akaweka mikono mapajani, akayatazama, asiyaguse. Akainuka kwa kushika ukuta.

Mama aliyaona yote kutoka pale dirishani. "Hee! Na mumewe naye anamfukuza?" Nikaendelea kukusanya sahani, nimeshajibu sana. Akachungulia tena. "Na tumbo lile," akasema, sauti imeshuka, "anainama yeye ili sisi tusiiname." Kisha akanigeukia kwa ukali, kana kwamba kosa ni langu. "Umekaa tu? Nitafutie mkaja, mtoto wa watu atafungwa tumbo na nini?"

Akaenda Sur siku ile ile.

Mtoto akazaliwa salama, na arobaini ilipotimia nikaenda kumchukua Mama. Nikapakia mizigo yake garini, nikarudi kumwita. Mama yuko mlangoni, makubadhi yake yanatazama ndani kama alivyoyavua. Wifi yangu amesimama kando, mtoto kifuani, hayagusi.

"Mbona hunigeuzii, mwanangu?" Mama akamwuliza. "Mgongo wangu huu."

Wifi yangu akatikisa kichwa. Machozi yanamtoka. "Sigeuzi," akasema. "Mama baki."

Mama akanitazama mimi. Nikajua. Nikaenda kuishusha mizigo yote, mfuko kwa mfuko, nikaipandisha tena ndani, nikaketi nikanywa maji. Jikoni Mama ameshaanza kugombana na sufuria.

Nilipoaga nikatoka mlangoni. Makubadhi ya Mama hayajaguswa. Viatu vilivyogeuzwa vilikuwa vyangu tu. Nikavivaa bila kuinama, nikaendesha peke yangu kurudi Ibra, kwenye nyumba isiyo na Mama.