Mwaka Tulionyimwa Moto

Ukimuuliza mzee yeyote wa kijiji chetu nani alifika hapa kwanza, atakwambia ni babu yake, na kwamba babu yake alikuta pori tupu. Msukuma atasema hivyo. Mtaturu atasema hivyo. Mwikizu naye atasema hivyo, na hata Mnyiramba ambaye baba yake aliletwa kuchunga ng'ombe wa watu atayasema hayohayo bila kupepesa macho. Nimesikiliza historia hizo tangu utotoni, na ninachoweza kusema ni kwamba pori hilo tupu lilikuwa na watu wengi kuliko gulio la pamba wakati wa msimu.

Kijiji kiko pembezoni mwa Bariadi, mahali ambapo ukivuka kijito kimoja unakuwa umeingia Mara. Miezi mingi ya mwaka kijito hicho ni mchanga mtupu, na mbuzi huvuka bila kujua kwamba wamebadilisha mkoa. Siku hizi sisi ni watu wa Simiyu. Wakati ninaousimulia tulikuwa bado Shinyanga, na hakuna aliyetuuliza tunapenda kuwa wapi.

Wageni wakija huambiwa kwamba hapa makabila yote ni ndugu. Tuliishi vizuri, sikatai, ila kwa maana hii: kila kabila lililidharau jingine kwa adabu. Wasukuma walisema Mtaturu hajui jembe linashikwa upande gani. Wataturu walisema Msukuma ameoa jembe. Waikizu walijiona wasafi kuliko wote, kisha wakaja kukopa maksai kwetu kila msimu wa kulima. Dharau yenye ruhusa kamili ilikuwa moja tu, ile ya Wasukuma na Wataturu, kwa sababu kijijini kwetu hao walikuwa watani. Msukuma akifa, Wataturu ndio waliochimba kaburi. Na siku hiyo mtani anaweza kuomba chochote kwa mfiwa yeyote, na kumtukana marehemu na walio hai. Ukimkasirikia umejiaibisha. Ukimnyima, mazishi yanasimama hadi utakapompa.

Nimeanza na hayo kwa sababu mwenyekiti wetu aliyasahau, na kusahau huko ndiko kulikomponza.

Soko huria lilipofika kijijini, lilikuta limeshapata mwenyewe. Kabla ya hapo pamba yote ilikwenda kwenye ghala la ushirika, na fedha ikaja ilipotaka yenyewe. Kisha tukatangaziwa kwamba sasa wanunuzi binafsi wanaruhusiwa, na kila mkulima atamuuzia amtakaye. Tukashangilia. Wiki hiyohiyo mwenyekiti akaitisha mkutano akatueleza maana ya uhuru huo: wote tutamuuzia mnunuzi mmoja, ambaye wakala wake alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Mnunuzi huyo, akasema, ameahidi mabati ya zahanati iwapo pamba yote ya kijiji itapita kwenye mizani yake. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, maana nilikuwa nimeketi na wanawake wa mbele, na ukikaa mbele huna budi.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Bariadi mjini na cherehani yangu baada ya ndoa kunishinda, na nilikaa na mama pamoja na bibi mzaa baba. Baba alikuwa ameshafariki. Bibi alikuwa shangazi wa mwenyekiti, dada wa baba yake, toka nitoke. Ndiye aliyemlea mwenyekiti huyo alipougua surua utotoni, akamlisha uji kwa kidole. Alipenda kulisimulia hilo mbele za watu, na mwenyekiti hakulipenda.

Mama alikuwa na maringo ya kitu kimoja duniani, nacho ni pamba yake. Aliichambua juu ya turubai, safi huku, fifi, ile chafu ya bei ya chini, kule, na jani likionekana kwenye safi alininyooshea kidole kana kwamba nimeliweka mimi. Siku ya kuuza tulifunga maksai, tukapeleka kwa shemeji. Shemeji hata hakutazama. Akachukua magunia ya mama akayamwaga juu ya rundo la pamba yenye maji na mchanga, maana watu walishajifunza kwamba kwa wakala huyu mchanga nao una uzito. Mama akasimama akiangalia. Kisha akaanza kuizoa pamba yake, konzi kwa konzi, akiirudisha kwenye magunia, na watu wakicheka foleni nzima.

"Mama mzima unazoa pamba chini?" shemeji akamwambia. "Pamba ni pamba."

"Na uji wa ulezi na matope navyo ni sawa?" mama akauliza. "Basi kanywe matope."

Tukavuka kijito. Ng'ambo kulikuwa na mnunuzi mwingine, Mwikizu, ambaye angalau alikuwa na marundo mawili. Mama alirudi ameridhika, akanunua chumvi na kiberiti, akaimba njiani. Hakuwa na habari kwamba ameuza kijiji.

Hilo alikuja kuelezwa na baraza la wazee siku chache baadaye. Mwenyekiti alisema mama ametoa mabati ya zahanati nje ya mkoa. Adhabu ikawa ile ya jadi: tunyimwe moto na maji. Asiyejua atacheka, maana kiberiti kiko dukani. Lakini duka nalo lilikatazwa kutuuzia. Mashine ya kusaga ilikatazwa kutusagia. Kisimani tulisubiri mpaka wote waondoke, na tulipopita njiani watu walitazama juu, kama vile mvua imewaita. Kwa Wasukuma kutosalimiwa ni jambo zito. Mama alizoea kuamkiwa na watu kumi kabla ya kufika shambani, na sasa aliamkiwa na kuku. Atakayetupa moto, maji au salamu, yeye naye atatengwa, mpaka atoe fahali wa kuliwa na wote. Mama akaambiwa akitaka kurudi atoe fahali. Mama akasema ng'ombe wake hawajakosa kitu.

Niwasifu majirani zetu wa makabila mengine? Siwezi. Waikizu, Wanyiramba, hata yule Mkurya aliyejigamba kwamba haogopi simba, wote waliitii sheria ya Wasukuma isiyowahusu. Aliyekaidi alikuwa mmoja, bibi kizee wa Kitaturu aliyekaa upande wa kijito. Alituletea maziwa kila siku, bangili zake za shaba zikilia kuanzia mbali. Msidhani alikuwa mwema. Aliingia akimtukana bibi yangu, akaondoka akimtukana. Mwenyekiti alipomkanya alimjibu, "Baraza lenu halijawahi kuniita kula nyama. Leo mnaniita kula sheria?"

Kisha bibi akaugua, na kutoka hapo sikuweza tena kucheka. Hakuogopa kufa. Aliogopa jambo moja, na alilisema kila jioni akinishika mkono: "Nisizikwe kama mbwa, mjukuu wangu. Nisizikwe na wanawake wawili." Alijua aliyetengwa hazikwi na watu. Yeye mwenyewe ujanani alikuwa ameshuhudia mzee mmoja akiburutwa na mwanawe peke yake hadi kaburini, na kijiji kizima kikiwa kinapalilia kama siku ya kawaida. Mama alisikia maneno hayo akaanza kuangalia zizini, kwa fahali wake mwekundu. Usiku mmoja alilia. Kulipokucha aliamua atakwenda kumtoa. Bibi alikuwa amekwisha kata roho.

Mama akasema sasa fahali wa nini. Akatuma habari kwa bibi wa Kitaturu.

Wanawe walikuja na majembe ya kukopa, wakachimba kaburi karibu na zizi, wakilalamika kwamba hata mfu wa Kisukuma anawalimisha. Sisi tuliopaswa kulia tulikuwa wawili. Lakini watu hawakuwa mbali. Nje ya ua wetu wa minyaa kijiji kizima kilikuwa kimesimama, kwa sababu sheria iliwakataza kuingia ila haikuwakataza kuchungulia. Mwenyekiti naye alikuwapo, mikono nyuma. Alisema amekuja kusimamia usalama. Shangazi yake aliyemlisha uji yuko ndani kwenye mkeka, yeye yuko nje ya minyaa anasimamia usalama. Nilimchukia siku ile, na sijaona sababu ya kubadilika.

Kaburi lilipokwisha, bibi wa Kitaturu akavua viatu vyake vya tairi, akashuka ndani. Akajilaza chali, akafumba macho.

"Sitoki," akasema kutoka chini. Sauti ilisikika hadi kwenye minyaa. "Mimi ndiye huyo bibi yenu, mchawi wa uji. Nimekufa na kiu. Mtoto wa kaka yangu aniletee maji ya mtungi wake, aniletee na moto wa jiko lake niwashe kiko. Nikishavuta, nizikwe."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kuelewa, kicheko kikakatika.

Mwenyekiti naye alijaribu kucheka. Akasema, "Mtani, nitakupa mbuzi."

"Mbuzi ninao."

"Basi ng'ombe."

"Ng'ombe ninao. Na wale wako pia ni wangu, babu yako aliwaiba kwetu alipokuta lile pori tupu."

Hapo hata Wasukuma walishindwa kujizuia. Mwenyekiti akakunja uso, akakumbuka kwamba haruhusiwi kukasirika, akaukunjua. Jua likapanda. Bibi kizee akaanza kukoroma ndani ya kaburi, kwa makusudi. Mzee mmoja wa baraza, yuleyule aliyetangaza adhabu yetu, akamsogelea mwenyekiti.

"Mpe, baba. Maiti haingoji."

"Nikimpa nimevunja sheria."

"Usipompa shangazi yako hazikwi. Atakapokuja kuuliza, hatakuja kwangu."

Akaenda. Hakuweza kumtuma mtu, maana mtani alitaja nani alete. Alirudi na kaa la moto juu ya kigae cha mtungi na maji kwenye kibuyu, akitembea polepole kaa lisizimike, na watu wakimpisha. Akaingia katika ua wetu, mara ya kwanza tangu msimu wa kuuza. Bibi kizee akakaa kitako kaburini, akawasha kiko, akavuta bila haraka yoyote. Akanywa maji. Kisha akamnyooshea mama kibuyu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Maliza, mayo. Na hili kaa tia jikoni kwako."

Mama akanywa mbele ya mwenyekiti, mbele ya baraza. Mtani akatoka kaburini akijifuta vumbi.

Basi mngewaona watu. Waliruka minyaa kama mbuzi walioona shamba la mahindi. Wanawake waliotazama juu msimu mzima wakajitupa chini wakilia, "Mayo wetu, mayo wetu", kwa sauti za kukwaruza masikio. Shemeji wa mizani alitaka kubeba jeneza, na jeneza hatukuwa nalo. Bibi alizikwa na kijiji kizima, kama alivyotaka, na kwa hilo nilishukuru, ingawa machozi yao sikuyanunua hata kwa pamba fifi.

Sasa ikabaki sheria. Vijana walikuwa na hamu ya nyama tangu mama alipogoma kutoa fahali, na hawakuchelewa kukumbuka nani ametoa moto na maji kwa waliotengwa. Wakamwendea mwenyekiti, wakamdai fahali. Akawaambia sheria ile ilihusu wauza pamba. Wakamwambia ilimhusu kila mtu, yeye ndiye aliyeisema. Akakataa. Wakamtenga, na wale Waikizu na Wanyiramba na yule Mkurya wa simba wakaitii na hiyo pia. Shemeji alifungasha mizani yake akahama kabla mtu hajauliza habari za mabati. Hadi leo zahanati yetu haijaona bati la pamba ile.

Mazishi yalipokwisha watu walirudi kutazama juu, maana sisi fahali hatukuwa tumetoa, tukawa nyumba mbili zilizotengwa. Nyumba iliyotengwa haina cha kupoteza ikimpa moto aliyetengwa, kwa hiyo katika kijiji kizima kilichojaa majiko, mwenyekiti alibakiwa na jiko moja la kuombea.

Mkewe ndiye aliyekuja kwanza, alfajiri, na kigae. Akapiga magoti nje ya ua. "Mwangaluka, mayo," akamwamkia mama kwa Kisukuma. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji, na ninasema kweli kwamba nilitaka kuimwaga juu ya jiko letu lote. Mama alinitazama, nikaiweka chini.

"Mwangaluka," mama akamwitikia, akamjazia kigae. "Kesho asikutume. Aje mwenyewe."

Alikuja mwenyewe. Alisimama nje ya minyaa palepale alipokuwa amesimama siku ya msiba, kigae mkononi, akasalimu. Mama alikuwa na ufagio. Alifagia mbele ya nyumba, akafagia kuzunguka zizi, akafagia na kaburi la bibi, jani moja moja, kama anavyochambua pamba. Alipomaliza uwanja wote, akauegemeza ufagio ukutani, ndipo akamwitikia.