Machela ya Baharia wa Makote

Mwezi uliopita nilikwenda Masasi kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Nyumba ya wageni niliyofikia ilikuwa na bembea ya wavu uani, ile ya kujilaza, imefungwa kwenye nguzo mbili na kukazwa mpaka ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Nikajilaza. Mgongo ukaanza kulalamika, na nilipogeuka kidogo ikataka kunimwaga. Basi nikashuka, nikavua viatu, nikaanza kufungua mafundo.

Mlinzi akaja mbio. "Mama, unaiharibu hiyo!"

Nikamwomba asubiri. Nilipomaliza kuifunga upya nikamwambia ajaribu yeye. Akajilaza mshazari kama nilivyomwelekeza, ndipo akakumbuka adabu: "Shikamoo, mama. Umejifunzia wapi?"

Sikumjibu vizuri, maana habari yenyewe ni ndefu. Wewe nitakusimulia.

Nimelelewa na bibi mzaa mama huko Makote, kwenye mikorosho ya Newala. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Baharia. Fikiria mwenyewe: baharia, mahali ambapo maji ya kunywa wanawake walikuwa wakiyateremkia bondeni na kuyapandisha kichwani nusu siku nzima. Ujana wake aliumalizia kwenye mashua ndogo ya Mzungu mmoja na mkewe, waliokuwa wakitembea pwani kwa pwani kwa starehe tu. Yeye aliwapikia na kuwasaidia matanga. Aliporudi nyumbani alikuja na begi moja na kipande cha turubai, akachimbia nguzo mbili mbele ya kibanda chake, akafunga machela yake, kitanda chake cha kuning'inia. Kila adhuhuri alikuwa humo.

Bibi hakumpenda hata kidogo. Yeye alikuwa mtu wa jembe. Alipopita na kuni kichwani akamkuta amelala, alisema kwa sauti ya kusikika, "Mtu mzima na akili zake, analala hewani kama popo." Baharia alijibu kutoka ndani ya turubai, "Habari za asubuhi, Mama Hadija," hata kama ilikuwa saa nane mchana. Hadija ni mama yangu.

Mwaka nilipokuwa na miaka tisa, msimu wa korosho, nilifanya jambo tulilokatazwa sote. Korosho haipandiwi. Unangoja ianguke, unaiokota chini. Lakini nililiona tunda lake, bibo moja jekundu juu kabisa, linang'aa, nikalifuata. Tawi likakatika. Nakumbuka harufu kali ya mabibo yaliyopondeka chini yangu, na mguu wangu wa kulia umelala upande usio wake.

Nilipelekwa hospitali, mfupa ukaungwa, nikafungwa plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo, kutoka kwenye vidole mpaka juu ya goti. Muuguzi alimwambia bibi maneno mawili tu ya kushika: mguu ukae juu vidole visivimbe, na vikibadilika rangi, nirudishwe upesi.

Nyumbani ndipo shida ilipoanza. Kitanda chetu kilikuwa cha kamba, kimelegea katikati kama sufuria. Bibi aliuinua mguu kwa mto wa sufi, mto ukateleza. Akaweka gunia la makopa ya muhogo, nalo likaniumiza kisigino. Siku ya nne vidole vilikuwa vinene kama ming'oko, vile viazi vya porini, mgongo umeanza kuchubuka kwa jasho, na nilikuwa nimelia mpaka sauti imekauka. Bibi alikaa pembeni akinipepea kwa ungo. Halafu akasimama ghafla, akajifunga kanga, akatoka.

Kilichotokea huko alinieleza mwenyewe baadaye. Alisimama mbele ya machela ya Baharia akasema, "Sikuja kukaa. Mtoto halali."

Baharia akatoa miguu nje. Alishuka, akaanza kufungua kamba zake.

Alipofika kwetu na turubai begani, bibi akasita mlangoni. Kwa watu wa umri wake, machela ilikuwa kitu cha kubebea mgonjwa asiyetarajiwa kurudi. "Mjukuu wangu si maiti," alisema.

"Najua, Mama Hadija," Baharia akajibu. "Maiti hahitaji kulala vizuri. Huyu anahitaji."

Bibi akampisha.

Alipima barazani kwa hatua zake, tano, akafunga upande mmoja kwenye mkorosho uliokuwa karibu na nyumba, upande wa pili kwenye nguzo ya baraza. Kabla hajaniweka mimi alijilaza yeye kwanza. Alisema kwenye mashua hakuna anayemlaza mwenzake mahali ambapo hajalala mwenyewe. Nguzo ikalia, kraa! Ilikuwa imeliwa na mchwa ndani kwa ndani. Baharia akaenda chini mzimamzima, na mafungu mawili ya nyasi za paa yakamfuata kichwani. Mimi kwa machozi yangu yote nilicheka. Bibi alijizuia, alijizuia, mwishowe akakaa chini akashika mbavu.

Baharia akajikung'uta. "Ingekuwa mtoto," alisema, na bibi akaacha kucheka.

Akaondoka, akarudi na nguzo ngumu ya mninga yenye udongo mbichi mguuni. Bibi aliijua nguzo ile, na alijua imeng'olewa wapi. Alichukua jembe akamsaidia kuchimba.

Natamani ungeona mikono ile ikifanya kazi. Aliliacha turubai lilegee kama tumbo la mbuzi aliyeshiba, akatueleza kuwa ukilikaza linageuka, linakutupa. Upande wa miguu aliupandisha kidogo kuliko wa kichwa ili nisiteleze. Pale kamba zilipogusana na nguzo alizungushia kitambaa zisikatike kwa kusuguana. Akafunga na kamba nyembamba ya pembeni, kama alivyokuwa akifanya kwenye mashua bahari ilipochafuka, machela isiyumbe nisipotaka. Kisha wakanibeba, yeye mabegani, bibi miguuni, wakanilaza mshazari, kona kwa kona, na mgongo wangu ukanyooka ghafla kama niko juu ya godoro. Mguu wenye hogo ulipumzika juu ya mto, na mto haukuteleza.

Lakini Baharia hakuondoka. Alilegeza kamba kidole kimoja, akaniangalia usoni. Akakaza, akaniangalia tena. Mafundo hakuyatazama hata mara moja. "Bado," nilisema. "Bado." "Bado kidogo." Nilipolala sikujua.

Niliamka alasiri kwa moshi wa korosho zinazochomwa. Bibi alikuwa akizibangua. Baharia alikuwa amesinzia amekaa chini, ameegemea ukuta, na kamba bado iko mkononi.

Siku ya tatu ndani ya machela vidole vyangu vilirudi kuwa vidole. Wiki zote zile alikuja kila asubuhi kukaza kamba, maana turubai likilaliwa hutanuka, na bibi akawa anamwekea uji bila kumwambia karibu. Alinifundisha mafundo mawili ili mikono isikae bure. Yeye mwenyewe alikuwa akilala kwenye mkeka.

Siku hogo lilipokatwa, bibi aliishusha machela. Akateremka bondeni, akarudi na ndoo ya maji. Akateremka tena. Ndoo zote mbili alizimimina kufulia turubai lile, na kwetu maji yalikuwa hayachezewi. Akalianika, akalikunja, akampelekea, nami nikichechemea nyuma yake. Bibi hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa mdomo. Alisema tu, "Limetakata." Baharia akalinusa, akacheka, akasema, "Sasa nitaogopa kulilalia, Mama Hadija." Siku hiyo bibi alikaa kwa Baharia mpaka jua likapoa.

Wote wawili hawapo sasa. Baada ya harusi nilichukua bodaboda mpaka Makote. Nyumba nyingi ni za bati na saruji, maji yamesogea karibu, na hayo ni mema, siyalilii. Ninacholilia ni ile subira ya mtu mzima kukaa nusu siku akitafuta mahali ambapo mtoto hataumia.

Kwenye kiwanja cha Baharia nilimkuta mama mmoja akipalilia muhogo. Tukasalimiana. Nikamuuliza kama anajua palikuwa na nyumba pale. Alisema yeye ni mgeni, amekuta shamba tu.

"Kwani aliyekaa hapa alikuwa nani wako?"

Nilitafuta neno kubwa zaidi, nikalikosa.

"Jirani," nikasema.

Akaniangalia, akaweka jembe chini. "Kaa basi, dada," akasema. "Nieleze."