Saa ya Mkononi na Salamu Niliyoikwepa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo kama ningeweza kuisahau ningeshukuru. Lakini mambo ya sifa ndiyo hupotea upesi. Ya aibu hubaki. Basi kaa nikusimulie, maana nimekuona unavyoitazama hiyo saa yako kila baada ya hatua mbili tatu, na mimi saa hizo nazijua.

Nilikuwa nimestaafu ualimu, nimerudi kukaa kwangu nje kidogo ya mji wa Kasulu, kwenye njia ya Nyakitonto. Kustaafu kukaninenepesha. Kutwa ni kiti na chai. Presha ikapanda, daktari akaniambia, "Mwalimu, dawa utameza, lakini miguu nayo ifanye kazi." Ndipo mwanangu wa kumzaa, Yona, aliyeko Dar es Salaam, akanitumia saa ya kuhesabu hatua. Unaivaa mkononi, inapeleka hesabu kwenye simu, na ukoo mzima unaona nani katembea kuliko nani. Ukifikisha lengo la siku, inatetemeka na kukuwashia nyota za pongezi.

Siisemi vibaya saa ile. Ilinitoa kitini, kichwa kikaacha kuniuma, na magauni niliyokwisha kuyaaga yakanienea tena. Kosa lilikuwa la mdogo wangu Eliza, anayeishi Kibondo. Hapana, kwa nini niseme uongo uzeeni? Kosa lilikuwa langu. Eliza na mimi tumeshindana tangu tukiwa wasichana, na saa ile ikaturudisha huko.

Utotoni siku moja tulishindana kufikisha maji nyumbani, tukampita mzee mmoja njiani kama tumepita kisiki. Mama alipopata habari akaturudisha, ndoo zikiwa bado kichwani, tukamsalimu yule mzee kwa magoti. Kisha akatuambia neno ambalo nililisahau kwa hasara yangu: "Anayempita mtu bila kusimama ni yule aliyebeba habari za msiba. Ninyi, nani kawafia?"

Kwetu Waha, mwanangu, salamu hairushwi kama mahindi kwa kuku. Unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, unasema "Mwakeye," salamu yetu ya asubuhi, unauliza watu wa nyumbani, wagonjwa, mpaka ndama aliyezaliwa juzi. Kisha nawe unaulizwa. Kwenye njia ya Nyakitonto ukikutana na watu kumi, matembezi yako yameishia hapo. Na Eliza alikuwa ananishinda! Basi nikaanza kusalimu huku natembea. Baadaye nikawa nainua mkono tu. Mwishowe nikawa natazama chini kama mtu aliyedondosha shilingi. Mwacha mila ni mtumwa, na bwana wangu mimi alikuwa mdogo kama kifungo cha koti.

Asubuhi ile nilimkuta Mama Buchumi amesimama kwenye ukingo wa migomba yake. Huyu ni jirani yangu, mjane, mkubwa kwangu kwa umri, na mguu wake mmoja ni mbovu. Miaka niliyokuwa nafundisha, Yona alibebwa mgongoni mwake. Alikuwa ameegemea fimbo, mkono juu.

"Mwalimu! Mwalimu wee, simama kidogo!"

Nilimwona. Sitakudanganya kwamba sikumwona. Lakini jana yake Eliza alikuwa amenipita kidogo tu, akaandika kwenye kundi la familia kwamba dada anazeeka. Nikainua mkono, nikasema, "Narudi sasa hivi, mama," nikaongeza mwendo. Na wakati wa kurudi nikapita njia ya kwenye mibuni, upande wa pili, kwa sababu ni ndefu zaidi, na kwa sababu nilijua Mama Buchumi akinipata atanishika mpaka jua la utosi.

Nimeshafika nyumbani, naosha miguu, nacheka peke yangu na simu kwa kuwa Eliza nimemwacha mbali, nikasikia hodi ya sauti ya chini. Wakaingia wanawake wa jirani, vitenge vimefungwa kiunoni. Mmoja amebeba kuni, mwingine unga wa muhogo, mwingine maharage. Wakakaa chini bila kungoja mkeka. Mama Tabu, aliyewatangulia, macho yake yalikuwa mekundu.

"Pole, Mwalimu wetu," akasema. "Nani ametutoka? Si Yona jamani?"

"Nani kawaambia nimefiwa?"

"Mama Buchumi katutuma. Anasema kakuita, hukusimama. Akasema Mwalimu kalelewa vizuri, hawezi kupita vile kama hana msiba, tusimwache peke yake."

Nikauliza mbona hakuja mwenyewe. Mama Tabu akanishangaa.

"Atakujaje? Mke wa mwanawe kashikwa na uchungu alfajiri, na simu yao imezima. Alikuwa anangoja njiani apite mwenye simu, amwitie gari. Alipokukosa wewe, wakamkokota kwa miguu. Kajifungua njiani, Mwalimu, damu inamtoka, mpaka lori la ndizi likawahurumia. Mama Buchumi katutuma kwako akiwa anapandishwa humo humo."

 Mwanangu, mikono ikafanya ilichofundishwa: nikapiga magoti mbele ya unga na kuni zile, nikaanza kupiga makofi ya shukrani taratibu. Na saa ile, ambayo kila mkono ukitikisika yenyewe hudhani ni hatua, ikatetemeka. Nyota zikawaka. Wote wakatazama mkono wangu.

"Wanapiga kuhusu msiba?" Mama Tabu akauliza kwa upole.

"Hapana," nikasema. "Inanipongeza."

"Kwa lipi?"

"Kwa kutembea."

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Yule mwenye kuni aliinuka, akauinua mzigo wake, kisha akausimamisha hewani, hajui kama rambirambi hurudishwa. Akautua tena, wakaondoka. Kuni zile zilikaa uani mpaka mvua ikaziozesha, maana sikuwa na uso wa kuziwasha.

Jioni nilipanda bodaboda mpaka hospitali. Mama Buchumi nilimkuta amekaa sakafuni barazani, mguu umemvimba. Mzazi alikuwa ameongezewa damu, mtoto wa kike yuko hai. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, pamoja na Eliza, pamoja na njia ya mibuni.

"Afadhali ungefiwa, Mwalimu," akasema. "Mfiwa najua namna ya kumpa pole."

Nikainama nikalia. Yeye akaweka fimbo yake kando, akajivuta karibu yangu, akaanza kupiga makofi taratibu.

"Mwakeye," akaniambia, na jua lilikuwa linazama. "Tusalimiane basi. Hatujasalimiana tangu asubuhi."

Nilimwitikia, mwanangu. Binti yule sasa anatembea, akiniona njiani hunikimbilia, na mimi bado huona haya kumtazama machoni. Majuto ni mjukuu.

Sikuambii uivue saa yako. Tembea, mwili wa kukaa tu huzeeka kabla ya siku zake. Mimi mwenyewe natembea hadi leo, na saa ninayo. Ila hutoka nyumbani mapema, niwe na nafasi ya kusimama. Nikisimama sana inanikumbusha kwamba nimezembea, nami naiacha iseme. Mtu akikuita njiani, simama kwanza, hesabu zitangoja. Usimwambie "narudi" wakati moyoni umeshachagua njia nyingine. Wanaokupongeza kwenye simu wako mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka; siku utakayoshikwa wewe na jambo, atakayekuja na kuni kichwani ni yule uliyempita.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu isiyochoka na moyo unaojua kusimama, na siku utakapokuwa wewe ndiye uliyeinua mkono kando ya njia, asikupite mtu kama nilivyopita mimi.