Pakiti Zisizoonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Base Camp, mganga mkuu wa zahanati alinipa kamba ya rangi tatu na kunionya nisimwamini mtu. Tulimwita Afande, kwa sababu kabla ya kuja Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, alitibu wanajeshi na familia zao kambini Mbarara.

"Mama, maneno ya watu wacha," aliniambia. "Watu wanadanganya sana. Wewe soma hiyo kamba."

Kamba ile tuliizungusha kwenye mkono wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Ikisoma kijani, mtoto yu salama; njano, anakonda; nyekundu, hali ni mbaya, aanzishiwe pakiti. Ndani ya pakiti mlikuwa na rojo la karanga, maziwa na sukari, lililotengenezwa kama dawa, na mama alipewa za wiki nzima. Nyie vijana mnaoanza kazi hii sasa mna simu za kuandikia kila kitu. Sisi tulikuwa na daftari, kalamu na macho, na macho yangu, niseme ukweli, yalikuwa makali kupita kiasi.

Sikuwa mgeni kwa watu wale. Mimi mwenyewe nilikimbia kutoka Kivu ya Kusini, nikapewa kiwanja Nakivale kama wao. Lakini ukishavaa fulana ya kazi unaanza kuona udanganyifu kila fasi. Kuna mama alimjaza mwanawe maji tumbo likaumuka, ili mizani impe uzito na isijulikane kwamba pakiti ziliuzwa. Mwingine alimshindisha wake na njaa, asiondolewe kwenye pakiti. Nikawa nawavua watoto nguo zote kabla ya kuwaning'iniza kwenye mizani. Nao walinishuku mimi: eti tunaandika majina ili turudishe watu Kongo. Tulikuwa tunaviziana tu.

Nikiwa na miaka kadhaa kazini ndipo akaja Nabintu, mjane kijana, na binti yake Neema. Wiki ya kwanza nyekundu, ya pili nyekundu, ya tatu nyekundu tena, na mtoto amezidi kupungua. Sokoni nilikuwa nimeona pakiti zetu zimepangwa kati ya chumvi na sabuni. Nikasema moyoni, huyu anauza. Nikamvamia nyumbani saa sita mchana. Mafiga yalikuwa baridi, maharage ya mgao hayajaguswa, mwenyewe amekaa anatazama ukuta.

"Pakiti ziko wapi?"

"Mama Sifa, niko na mawazo mingi," akanijibu.

Kwetu, mtu mwenye mawazo mingi ni yule ambaye huzuni imemlemea: halali, hapiki, chakula hakipiti kooni. Huo nao ni ugonjwa, na mama akiugua hivyo mtoto hukonda hata kama unga umejaa nyumbani. Nilijua hayo yote, ila nilidhani ananizuga. Nikampeleka kwa Afande, na huko Nabintu akarudia maneno yale yale.

"Mawazo ni mazuri," Afande akasema, amefurahi kabisa. "Ofisi inataka mawazo ya wakimbizi. Andika yote, weka kwa boksi pale."

Katika Kiswahili chake, mawazo yalikuwa mapendekezo, na boksi ni sanduku la maoni, lenye kufuli, karibu na walipokaa polisi. Ningeweza kumsahihisha. Nilinyamaza kwa makusudi, nikitaka Nabintu aogope kidogo ili akiri. Aliangalia kufuli, akawaangalia polisi, akanigeukia.

"Njo weye ulinisemea," akasema, yaani ni mimi niliyemchongea. Wiki iliyofuata hakuja.

Nilipomfuata, miguu ya Neema ilikuwa imevimba. Nilibonyeza kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale. Hiyo ni dalili ya njaa iliyokomaa, mtoto anaweza kufa wakati wowote. Niliogopa, lakini bado nilikuwa natafuta ushahidi: nikainama chini ya kitanda. Pakiti zote zilikuwa pale, hakuna hata moja iliyoraruliwa.

"Bwana yangu alikula chakula ya watu, akakufa siku ile ile," Nabintu akasema. "Kwetu mutu akikupatia chakula, anaonja yeye mbele. Hii nani aliionja?"

Aibu ilinishika. Desturi hiyo nimelelewa nayo, anayetoa chakula huonja kwanza kuonyesha hakina sumu, na nilikuwa nimegawa pakiti kwa miaka bila kuitia hata moja mdomoni. Sheria yetu ilisema mfanyakazi akila chakula cha mgonjwa anafukuzwa. Nikararua moja, nikala nusu mbele yake. Akaipokea nusu iliyobaki. Kisha akaonja, akampaka mtoto kidogo kwenye ulimi.

Miguu ikivimba, mtoto hatibiwi nyumbani. Gari la wagonjwa lilitupeleka Mbarara siku hiyo hiyo, na hospitalini nilionja kila kikombe cha maziwa kabla ya Neema. Manesi walinishangaa. Alilazwa wiki kadhaa, akapona.

Niliporudi nilimweleza Afande kila kitu.

"Ulikula?"

"Nilikula."

Aliniandikia barua ya onyo. Alipomaliza akauliza, "Na hii mawazo, kwenu ni nini?" Nilipomfafanulia akachukua rula, akachora safu mpya kwenye daftari. Kuanzia hapo tuliwauliza akina mama kabla ya kupima watoto: umelala? Umekula na nani? Na kila pakiti ya kwanza ilionjwa, mbele ya mama mwenyewe.

Siku niliyostaafu nilipewa cheti na kitenge. Nabintu alikuja na Neema, msichana wa shule sasa, mwenye mashavu.

"Ile wakati njaa sikuiogopaka, Mama Sifa," akaniambia akicheka. "Nilikuogopa weye."

Watu wote wakacheka, na Neema pia. Mimi nilishindwa. Cheti kinasema nilihudumia watoto kwa uaminifu. Hakisemi kwamba kwa wiki nne mmoja wao alikuwa anakufa mikononi mwangu, huku mimi namchunguza mama yake.