Mguu Uliomchongea Mwenyewe

Ukiingia karakanani kwake, huyu mama alikutazama miguu kwanza, uso baadaye. Aliangalia unakanyagaje, unaegemea upande gani, kisha ndipo akakukaribisha kiti. Alikuwa fundi wa miguu bandia, na watu walimwita Mama Miguu. Jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Ufundi aliingia kwa ajili ya mumewe. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akapoteza mguu wa kulia chini ya goti wakiwa bado vijana. Mguu wa kwanza aliopewa ulikuwa wa mbao, mzito kama mchi. Mkewe, siku hizo mshona nguo, aliugeuzageuza akauliza, "Aliyetengeneza hiki alikuwa amegombana na nani?" Wiki iliyofuata akaenda kuomba kufundishwa kazi.

Na kumbe ushonaji haukupotea bure. Miguu ya siku hizi ni kitambaa. Kitambaa cheusi cha kaboni hulazwa tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu ya plasta, kikanyweshwa resini, gundi ya maji inayoganda, kikafungwa ndani ya mfuko unaofyonzwa hewa. Kikikauka, kinakuwa chepesi na kigumu ajabu.

Ila kaboni ina tabia moja mbaya: huumia kimoyomoyo. Chuma kikizidiwa hupinda, ukakiona. Kaboni tabaka zake huachana ndani kwa ndani huku nje inang'aa, mpaka siku inakatika bila hodi. Mteja wake mmoja alianguka hivyo sokoni akateguka mkono. Mama Miguu alikwenda kumpa pole, akarudi na vipande vya mguu ule.

Aliyempa dawa ya jambo hilo ni mkwewe, mhandisi wa nyaya za intaneti, mke wa kifungua mimba wake. Alikuja karakanani na kitu kimezungushwa kidoleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huo unywele wa nani?"

"Sio unywele, ni uzi wa kioo. Nuru inapita ndani yake. Nimeutia alama ndogondogo, na kila alama inarudisha rangi yake. Uzi ukivutwa hata kidogo, rangi inayorudi inabadilika, na kompyuta inaona. Tukiulaza katikati ya tabaka, mguu utatuambia unapoumia."

Mama Miguu aliupitisha uzi kati ya vidole, taratibu, kama anayepima hariri. "Basi tuulaze sambamba na nyuzi za kitambaa," alisema. "Ukiukatiza, utavunjika."

Hata hivyo nyuzi za mwanzo zilivunjika, zote pale zinapotokeza nje ya mguu. Mkwe akaja na mirija myembamba ya kuzivalisha sehemu ile, na tatizo likaisha. Ikabaki kumpata wa kuujaribu mguu huo.

"Kwa hiyo mimi ndiye panya wa maabara?" aliuliza mumewe, sasa mzee.

"Panya mwenye mguu mpya," mkewe akajibu. "Nyamaza uvae."

Kila Jumamosi mzee alikuja kupimwa. Akisimama, mstari wa ule uzi kwenye kompyuta unapanda. Akikaa, unashuka mahali pake. Ikawa hivyo wiki nenda wiki rudi, hadi Jumamosi moja mzee alipokaa, mstari ukakataa kushuka wote.

Mkwe akaangalia nyaya, akapima tena. Ni vilevile, akaonyesha alama iliyobadilika: mbele, chini ya goti.

"Baba, samahani. Mguu huu umegonga kitu?"

"Ugonge nini, mwanangu? Mimi ni mtu wa kiti na gazeti."

Mama Miguu aliuvua mguu, akaupapasa wote. Laini kama yai. Akamtazama mumewe. Mzee akatazama dari.

"Baba watoto."

"Naam."

"Mguu unasema umepigwa hapa mbele, chini ya goti. Wewe unasemaje?"

Mzee akakohoa. "Wajukuu walikosa mtu wa kupiga penalti. Nikapiga, mguu ukapitiliza, ukala nguzo ya goli." Akainua kidole. "Lakini nilifunga!"

Mkwe alijizuia kwa heshima, akashindwa, akaangua kicheko. Mama Miguu hakucheka bado. Alichukua msumeno akaukata mguu palepale mkwe alipoonyesha. Ndani, chini ya uso usio na mkwaruzo, tabaka zilikuwa zimeachana kama kurasa za kitabu kilicholowa maji.

Akazipapasa tabaka zile kwa kidole. Kisha akapiga kigelegele mpaka seremala wa jirani akaja mbio akidhani kuna harusi. Akamkumbatia mkwewe, mikono imejaa vumbi la kaboni. "Mwanangu, umesikia? Mguu umesema kabla ya kukatika! Umesema!"

"Na mimi nirudi nyumbani na nini?" mzee akauliza, ameshika suruali iliyobaki tupu.

Alirudi na mguu wake wa akiba, akinung'unika. Mpya aliupata siku chache baadaye, mbele umeongezwa tabaka, uzi wa kioo umelala ndani. Yule mteja aliyeanguka alikuwa wa pili kuvaa wa aina hiyo, na nyuma yake wengine wakaja. Mkwe akaomba ruhusa kazini, akahamishia meza yake karakanani siku mbili za wiki. Jumamosi foleni ya kupimwa ikafika mlangoni, watu wakitaniana nani atachongewa na mguu wake leo, na Mama Miguu katikati yao, akicheka kuliko wote.